Sura ya 6: Kadi Inayoinuka Ukiifungua

"Nataka kumtengenezea mama kadi ile ambayo ukiifungua picha inainuka, lakini hata kuchora kuku siwezi. Nitaweza kweli?"

Swali hili huulizwa na watu wa kila namna. Yupo mwanafunzi wa chuo Nyegezi ambaye mama yake anauza dagaa kisiwani Ukerewe. Yupo baba wa Igoma ambaye binti yake anakaribia mtihani wa darasa la saba. Yupo muuguzi wa Bugando anayetaka kumuaga mwenzake anayestaafu. Wote wameona kadi za dukani, wakaona maneno yamekwisha kuandikwa na mtu asiyemjua mama, binti wala mstaafu huyo. Wanataka kitu kilichotoka mikononi mwao, na wote wanakwama pale pale: "sijui kuchora."

Jibu ni kwamba utaweza. Kadi ya kuinuka ni kazi ya rula kuliko ya kalamu ya rangi. Anayejua kupima sentimita 4 na kukata mstari ulionyooka ana robo tatu ya ufundi wote. Katika sura hii tutatengeneza kadi tatu, zote kwa vitu ambavyo mkazi wa Mwanza anavijua: miamba, daraja na mtumbwi. Ukizimaliza utakuwa na mbinu mbili ambazo zimebeba sehemu kubwa ya kadi za aina hii.

## Kwa nini picha inainuka?

Ndani ya kadi hakuna springi wala mpira. Kinachoinua picha ni mkono wa anayefungua. Karatasi imeshikwa kurasa zote mbili, kwa hiyo kurasa zinapoachana huivuta, nayo kwa kuwa imekunjwa haina pa kwenda ila juu. Ni kama mwavuli: unasukuma sehemu moja tu, kitambaa chote kinatanuka, kwa sababu kila kijiti kimefungwa kwa kingine.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane juu ya majina matatu tu.

- Mkunjo mkuu ni ule unaoigawa kadi katika kurasa mbili.
- Mkunjo wa bonde ni unaoingia ndani, mbali na wewe. Ukiutazama, unaona mfereji.
- Mkunjo wa mgongo ni unaotokeza kuja kwako, mfano wa paa la nyumba.

Historia nayo inatupa moyo. Mwaka 1843, Mwingereza Henry Cole alimpa mchoraji John Callcott Horsley kazi ya kuchora kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuchapwa na kuuzwa madukani. Ilikuwa bapa. Baadaye katika karne hiyo, Mjerumani Lothar Meggendorfer alijulikana kwa vitabu vya watoto ambavyo picha zake zilicheza ukivuta kipande cha karatasi. Katika karne ya 20 wakaja Vojtěch Kubašta wa Prague, aliyejulikana kwa vitabu vya picha za kusimama, na Masahiro Chatani wa Japani, ambaye miaka ya 1980 aliwaonyesha watu namna ya kutoa jengo zima ndani ya karatasi moja kwa kukata na kukunja tu. Kubašta alisomea usanifu wa majengo, na Chatani alikuwa msanifu majengo na profesa. Watu wa vipimo, kwa maneno mengine. Walijua ukuta unasimama kwa sababu gani, nao wakahamishia elimu hiyo kwenye karatasi.

## Vifaa: vyote viko dukani mtaani

Nenda duka lolote la vifaa vya shule. Hutahitaji zaidi ya hivi:

1. Manila za ukubwa wa A4: mbili kwa mwili na jalada la kila kadi, pamoja na vipande vya kukatia picha. Ni karatasi ngumu ile ile ambayo walimu huitumia kutengenezea zana za kufundishia. Karatasi ya fotokopi, ya gramu 80, ni laini mno kwa mwili wa kadi, ila inafaa kwa majaribio.
2. Rula na penseli iliyochongwa.
3. Mkasi, na wembe kwa mikato ya ndani. Chini ya wembe weka kipande cha boksi ili usikate meza.
4. Kalamu ya wino iliyokwisha. Usiitupe. Hiyo ndiyo zana muhimu kuliko zote mezani.
5. Gundi nyeupe ya shule au gundi ya kijiti. Achana na gundi kali ya kubandikia viatu: inaacha doa, inakakamaza karatasi, na haikupi nafasi ya kurekebisha.

Kalamu iliyokwisha wino ni ya kuchorea mfuo, yaani mstari uliobonyea bila rangi. Weka rula mahali unapotaka kukunja, pitisha kalamu ukibonyeza mara moja au mbili, kisha kunja. Karatasi itafuata mfuo ule bila kupinda. Manila inayokunjwa bila mfuo huvunjika vipande vipande kwenye mkunjo, na kadi huonekana imechakaa kabla ya kufika.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: karatasi ina mwelekeo. Nyuzi zake hulala upande mmoja, na mkunjo unaofuata nyuzi hutoka safi kuliko unaozikata. Kujua ni rahisi. Ikunje manila kidogo kwa mkono bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi zaidi ndio unaofuata nyuzi. Ukiweza, mkunjo mkuu uwe upande huo. Usipoweza, mfuo utakuokoa.

Asiyetaka manila ana njia nyingine. Kuna kadi zinazopambwa kwa maganda makavu ya mgomba, na ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, mgomba ni mali ya kila shamba. Huko Iringa, kituo cha Neema Crafts kilichoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi kimejulikana kwa karatasi ya kutengenezwa kwa mkono, ikiwamo ile inayotokana na kinyesi cha tembo. Karatasi za namna hiyo hupendeza kama pambo la juu. Mwili wa kadi uache uwe wa manila, maana ndio unaobeba kazi.

Kwa ufupi: manila, rula, wembe, gundi nyeupe, na kalamu iliyokufa. Chora mfuo kabla ya kila mkunjo.

## Kadi ya kwanza: miamba ya Mwanza

Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na Jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na Capri Point limekuwa utambulisho wake. Miamba ni zoezi zuri la kuanzia kwa sababu moja kubwa: hakuna jiwe lililokosewa. Ukikata mviringo ukaenda upande, bado ni jiwe.

Mbinu yake inaitwa kisanduku. Fuata hatua hizi:

1. Kunja manila ya A4 katikati ili upate kurasa mbili, kila moja ikiwa na upana wa karibu sentimita 15 kutoka mkunjo hadi ukingo. Ilaze mkunjo ukiwa mbele yako.
2. Ikiwa bado imekunjwa, kata mistari miwili inayokwenda sambamba kuanzia kwenye mkunjo kuingia ndani. Kila mmoja uwe na urefu wa sentimita 4, na kati yao kuwe na sentimita 3.
3. Chora mfuo unaounganisha ncha za mikato hiyo. Kunja ulimi huo mbele, kisha nyuma, ili uzoee.
4. Fungua kadi nusu, ukurasa mmoja ukiwa ukuta na mwingine sakafu. Ingiza kidole nyuma ya ulimi, usukume uje kwako. Kisanduku kitasimama.
5. Kata umbo la jiwe kwenye manila nyingine, ulibandike usoni mwa kisanduku, chini yake iguse sakafu.

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Wanabandika jiwe kubwa, wanafunga kadi, na nusu ya jiwe inachungulia nje. Dawa yake ni kanuni moja: umbali wa picha kutoka mkunjo mkuu, ukijumlisha na kimo cha picha, usizidi upana wa ukurasa. Kadi inapofungwa, picha hulala mbele kuanzia pale iliposimama, kwa hiyo inahitaji nafasi ya kulala. Kwa kadi yetu ya A4, tukiacha karibu sentimita moja ya usalama, hesabu ni hii:

- Mkato wa sentimita 2: picha isizidi kimo cha sentimita 12.
- Mkato wa sentimita 4: picha isizidi sentimita 10.
- Mkato wa sentimita 6: picha isizidi sentimita 8.

Angalia kilichotokea. Kilicho nyuma kinaruhusiwa kuwa kirefu, kilicho mbele lazima kiwe kifupi. Ndivyo hasa macho yanavyopenda kuona mandhari: jabali refu nyuma, mawe madogo mbele, na mbele kabisa ukanda wa bluu wa ziwa. Kanuni ya kufunga kadi imekupangia na picha.

Ukitaka jiwe lililokaa juu ya jingine, tumia siri hii: kila mkunjo wa bonde unaweza kuzaa kisanduku kipya. Mahali kisanduku cha kwanza kinapokutana na ukuta pana bonde. Kunja kadi kwenye bonde hilo, kata mistari miwili midogo zaidi kama ulivyofanya mwanzo, usukume nje. Sasa una jiwe juu ya jiwe, na yote ni karatasi ile ile moja.

Mwisho, mikato yako imeacha matundu nyuma. Chukua manila ya pili, ikunje vilevile, uibandike kwa nje kama jalada. Paka gundi pembeni tu. Gundi ikigusa nyuma ya kisanduku, hakitasimama tena.

## Kadi ya pili: daraja la Kigongo–Busisi

Kwa miaka mingi, aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita au Bukoba kwa njia ya Busisi alisubiri pantoni. Juni 2025 daraja la hapo, Daraja la JP Magufuli, lilizinduliwa, likiwa na urefu wa kilomita 3. Kwa mtu aliyevuka pale kila mwisho wa wiki kwenda kumwona mchumba, kadi yenye daraja inasema mengi kabla hajasoma neno.

Daraja ni kisanduku pia, ila kirefu na chenye pande zisizolingana. Tunataka barabara nyembamba juu, sentimita 2, na nguzo ndefu, sentimita 4. Safari hii pima kadi ikiwa wazi:

1. Weka alama sentimita 4 juu ya mkunjo mkuu, na sentimita 2 chini yake.
2. Kata mistari miwili ya wima kuunganisha alama hizo, mmoja upande wa kushoto na mwingine wa kulia, kati yao kuwe na sentimita 16.
3. Chora mifuo mitatu ya kulala kati ya mikato hiyo: mmoja kwenye alama ya juu, mmoja kwenye alama ya chini, na mmoja sentimita 2 juu ya mkunjo mkuu.
4. Mfuo wa juu na wa chini iwe mikunjo ya bonde. Ule wa kati uwe mgongo. Ndani ya ukanda huo, mkunjo mkuu usikunjwe. Uache ulale bapa.
5. Kabla ya kusimamisha, kata madirisha kwa wembe kwenye sehemu ya mbele, ukiacha vipande vyembamba. Vipande hivyo ndivyo nguzo.

Kwa nini mfuo wa kati uwe sentimita 2 juu, na si mahali pengine? Kwa sababu kisanduku hutii sharti moja: pande zinazotazamana lazima zilingane. Kimo cha uso wa mbele kiwe sawa na kimo kilichoshikwa ukutani, na upana wa juu uwe sawa na umbali wa sakafuni. Ukikosea hata nusu sentimita, kadi itagoma kufungwa au daraja litalegea.

Kwa ufupi: kisanduku chenye pande sawa hukatwa kadi ikiwa imekunjwa. Chenye pande tofauti hupimwa kadi ikiwa wazi.

## Kadi ya tatu: mtumbwi unaokuja kwako

Visanduku hupendeza kadi ikifunguliwa nusu. Kuna kadi zinazofunguliwa hadi zilale bapa kabisa mezani, na kwa hizo tunahitaji mbinu ya pili: mkunjo wa herufi V. Kipande cha karatasi hukunjwa katikati, kisha kila nusu hushikizwa kwenye ukurasa wake, miguu ikiwa imeachana mfano wa V.

Shika kadi wima kama kitabu. Tunachotaka ni mtumbwi ambao omo yake, yaani sehemu ya mbele, inamtazama msomaji, na mbavu zake mbili zinarudi nyuma.

1. Kata mbavu za mtumbwi kwenye manila: kipande kimoja cha urefu wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 4, kilichokunjwa katikati. Mkunjo huo ndio omo.
2. Chini ya kila ubavu acha ukanda wa sentimita moja wa kupakia gundi. Tuuite kilimi. Kikunje kiingie ndani, na pale katikati kata pembe ndogo ili vilimi visigombane.
3. Kwa penseli, chora mstari mmoja kwenye kila ukurasa kuanzia sehemu moja ya mkunjo mkuu kwenda juu pembeni, kwa pembe ya nyuzi 45. Pembe zote mbili zilingane.
4. Bandika kilimi cha kushoto kwenye mstari wake, omo ikae juu ya mkunjo mkuu kabisa.
5. Sasa ukunje mtumbwi ulale bapa juu ya ukurasa huo huo. Paka gundi kilimi cha kulia kinachotazama juu. Usikibandike kwa mkono. Funga kadi, ibonyeze, uhesabu hadi 30, kisha ufungue taratibu. Kilimi kitakuwa kimejibandika mahali pake.

Hatua hiyo ya 5 ndiyo siri ya mafundi. Anayebandika pande zote kwa macho hukosea milimita mbili, na mtumbwi unakuwa umepinda. Kadi ikijibandika yenyewe haiwezi kukosea, kwa sababu imejipima wakati wa kufungwa.

Nyuma ya mtumbwi unaweza kuweka V nyingine ndogo yenye tanga jeupe. Ukitaka mtumbwi wa wavuvi wa dagaa, acha anga iwe nyeusi na ubandike duara dogo la njano: wavuvi hao hutegea usiku, kwa mwanga wa taa unaowavuta dagaa karibu na wavu.

## Kadi ikigoma

- Haifungi vizuri. Pande zinazotazamana hazilingani, au mkunjo wa mgongo umekunjwa kama bonde. Pima upya.
- Picha inachungulia. Umevunja kanuni ya umbali na kimo. Punguza kimo.
- Inararuka kwenye kona. Mkato umepita mfuo. Simamisha wembe milimita moja kabla, umalizie kwa mkasi.
- Karatasi imejikunja mawimbi. Gundi ilikuwa nyingi. Kando ya ziwa, hasa masika, hewa ina unyevu na gundi huchelewa kukauka. Paka kidogo kwa kidole, weka kadi chini ya vitabu vizito usiku kucha, na usiianike juani.

Kabla ya kugusa manila nzuri, fanya kila kadi mara moja kwa karatasi ya fotokopi. Makosa yote yatatokea hapo, na karatasi hiyo haikugharimu kitu.

## Uweke nini, uandike nini?

Kosa kubwa la kadi za mkono ni kujaza. Mtu anaweka maua, mioyo, njiwa, keki na pambo la kumetameta, na anayepokea hajui atazame wapi. Chagua kitu kimoja ambacho mpokeaji akikiona atajua kuwa kadi hii ni yake peke yake. Kwa mama muuza dagaa, mtumbwi. Kwa mstaafu, jengo la wodi aliyofanyia kazi, ambalo ni visanduku vitatu tu vyenye madirisha. Kwa binti wa darasa la saba, dawati lenye namba yake ya mtihani. Kwa babu aliyecheza ngoma ujanani, ngoma moja kubwa.

Maneno nayo yawe machache, na yaanze kwa adabu ya nyumbani kwenu. Mtoto anayemwandikia mama haanzi na "Heri ya Siku ya Mama". Anaanza na "Shikamoo mama", na kama nyumbani mnasema Kisukuma, "Mwangaluka mayu" itamfanya acheke kabla ya kufika mstari wa pili. Kisha mkumbushe jambo moja mlilofanya pamoja, lenye mahali na siku. "Asante kwa yote" ni neno la kila kadi. "Asante kwa ile nauli ya meli uliyoniazima ukabaki bila ya kwako" ni neno la kadi moja tu duniani.

Kama kadi inasafiri, iwe kwa meli kwenda Nansio au kwa basi kwenda Dar es Salaam, itie ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kipande cha boksi kila upande. Hapo haitavunjika hata ikilaliwa na mizigo.

Kwa hiyo, kwa aliyeuliza kama ataweza: utaweza, na usianze na mtumbwi. Leo jioni chukua karatasi ya fotokopi, kata kisanduku cha sentimita 4, ukisimamishe. Kikisimama, kanunue manila. Na kabla hujapima kitu kingine chochote, andika kwenye kona jina la mtu unayemtengenezea.